Kudai bima kwa vipimo vya kingamwili mdomoni: anza na chupa

Kazi yangu ni kuandaa madai ya bima katika kliniki ya meno huku Marekani. Madai yanayonichukulia muda ni ya mgonjwa ambaye fizi zinamenyeka, vidonda havifungi, na daktari anashuku kinga yake inaushambulia mwili wenyewe. Mtu huyu hata chai ya moto hawezi kunywa. Tusimwongezee bili isiyo yake.

Hatua ya 1: Hesabu chupa. Kabla hujagusa kompyuta, soma maelezo ya daktari. Amekata vipande vingapi vya nyama mdomoni, na kila kimoja kimewekwa kwenye nini? Kwa kawaida huwa viwili. Kimoja huwekwa kwenye fomalini, dawa ya kugandisha na kuhifadhi nyama, kwa ajili ya darubini ya kawaida. Cha pili hukatwa pembeni mwa kidonda, pale ambapo ngozi ya mdomo ingali nzima, kikawekwa kwenye maji ya Michel, maji maalumu yanayotunza kingamwili zilizo kwenye kipande. Fomalini huharibu kipimo cha kingamwili. Niliwahi kuandaa dai la vipimo vyote viwili, kumbe chupa zote zilikuwa za fomalini, na mama wa watu ikabidi arudi kukatwa tena. Tangu siku ile nasoma lebo mwenyewe kabla chupa hazijaondoka.

Hatua ya 2: Ukataji. Misimbo inayoanza na D ni ya huduma za meno. Kukata kipande cha nyama laini ni D7286. D7285 ni ya mfupa au jino, usiichanganye. Msimbo huu unalipia kukata. Kusoma kipande ni kazi nyingine.

Hatua ya 3: Usomaji. Kipande cha fomalini kikichunguzwa kwa macho na darubini, ripoti ikaandikwa, ni D0473. Kingamwili zilizonasa kwenye tishu yenyewe, zikitafutwa kwa rangi inayong'aa, ni D0482. Zikitafutwa zile zinazozunguka kwenye damu, ni D0483. Mimi hujikumbusha hivi: nyama 82, damu 83. Kama hakuna mrija wa damu uliotumwa, D0483 haina nafasi kwenye dai lako.

Sasa swali kubwa: nani anadai? Aliyeifanya kazi. Mara nyingi maabara hupeleka dai lake kwenye bima ya matibabu kwa misimbo ya CPT, yaani ya huduma za matibabu: 88305 kwa darubini, 88346 kwa kingamwili ya kwanza, 88350 kwa kila inayoongezeka. Basi kliniki inabaki na D7286 peke yake. Piga simu maabara uulize kabla ya kutuma. Ukidai nao wakadai, mgonjwa ndiye atakayeletewa barua.

Hatua ya 4: Ugonjwa. Hapa misimbo ni ya ICD-10, inayotaja ugonjwa. Usiandike kinachoshukiwa. Ripoti ikisema IgG (aina ya kingamwili) na C3 (protini ya kinga) zimekaa kati ya seli kama wavu, na mwanapatholojia, daktari anayesoma vipande, akathibitisha pemfigasi vulgarisi, ni L10.0. Zikiwa mstari ulionyooka chini ya epithelia, yaani tabaka la juu la ngozi ya mdomo, ikithibitishwa pemfigoidi ya utando laini, ni L12.1. Laikeni planasi iko kwenye kundi la L43. Ripoti ikichelewa na huwezi kungoja, tumia K13.70, kidonda cha mdomo kisichobainishwa. Kwenye fomu ya ADA, ile ya madai ya meno, msimbo wa ugonjwa unakwenda kisanduku 34a, na herufi ya nafasi ulipouandika kisanduku 29a mbele ya kila huduma.

Hatua ya 5: Maelezo. Kisanduku 35 andika vidonda viko wapi, vina muda gani, dawa gani imeshindwa. Ambatisha ripoti na picha. Bima ya meno ikikataa, geukia bima ya matibabu kwa fomu ya CMS-1500, ile ya madai ya matibabu; kukata kipande upande wa ndani wa shavu au wa midomo hapo huwa 40808, msimbo wa CPT.