Kuyeyusha hariri bila bromidi ya lithiamu

Uzi wa hariri mbichi ni fibroini, protini ya uzi wenyewe, iliyofunikwa na gundi iitwayo serisini, ambayo huchukua asilimia 20 hadi 30 ya uzito. Maabara nyingi huondoa gundi hiyo kwa kuichemsha na magadi, kisha huyeyusha fibroini kwa bromidi ya lithiamu, chumvi ghali kwelikweli. Hapa tunaziacha zote mbili.

Hatua ya 1. Kata vifukofuko (vile anavyojisokotea kiwavi wa hariri), toa mdudu, pima uzito. Chemsha kwa maji matupu kwenye sufuria ya presha, nyuzi joto 120 za Selsiasi hivi, nusu saa hadi saa moja. Suuza, kausha, pima tena. Uzito usipopungua kwa karibu robo, rudia. Maji yale usimwage: yana serisini isiyo na sabuni wala magadi.

Hatua ya 2. Kiyeyushi ni kloridi ya kalsiamu, ethanoli na maji kwa uwiano wa moli (idadi ya molekuli, si uzito) 1:2:8, yaani gramu 111, 92 na 144. Lakini soma lebo kwanza! Kama kloridi yako ya kalsiamu ni dihidrati, yaani tayari ina maji ndani ya fuwele zake, pima gramu 147 na maji yawe 108. Wengi hukosea hapa, kisha lawama anabeba kiwavi. Tia chumvi majini kidogo kidogo, maana hutoa joto kali. Ikishapoa ndipo uongeze ethanoli.

Hatua ya 3. Gramu 1 ya uzi kwa gramu 20 za kiyeyushi. Weka chombo ndani ya maji ya nyuzi 70 kwa saa kadhaa, mbali kabisa na moto wa wazi.

Hatua ya 4. Mimina kwenye mfuko wa selulosi, unaopitisha chumvi na kubakisha fibroini, uzamishe katika maji yaliyokenekwa, ubadilishe maji mara kwa mara kwa siku 2 au 3. Tone la nitrati ya fedha likiyafanya maji kuwa meupe, chumvi bado imo.

MASWALI

– Shikamoo mwalimu. Spiriti ya dukani inafaa?
– Marahaba. Ile ya rangi hapana. Ethanoli safi ya asilimia 96 inafaa, ila maji yaliyomo uyatoe kwenye hesabu.

– Nina hariri ya mwitu ya nondo aitwaye Gonometa, kutoka Mwingi, Kenya.
– Usianze nayo. Vifukofuko vyake vina fuwele za oksalati ya kalsiamu, na maji ya presha hayazimalizi. Somo hili ni la Bombyx mori, yule mla majani ya mforosadi.

– Hariri yangu iliyoyeyuka imeganda kama jeli!
– Ilitikiswa, au ilikaa kwenye joto. Hairudi tena kuwa kimiminika. Nyingine itunze kwa nyuzi 4, na usiitikise.

– Maji yote hayo ya kubadilisha, mazingira yanapona wapi?
– Umegusa penyewe, hilo ndilo doa la njia hii. Maji ya mwanzo ndiyo yenye chumvi nyingi, yatenge. Ya mwisho karibu ni safi, anzia nayo mfuko unaofuata.