Hita ya kopa ya zamani inanguruma? Toa ukoko bila kuua tangi

Wadau wa Moshi na Arusha, kama unakaa nyumba ya zamani, mfano zile za Shanty Town, na juu ya dari kuna tangi la kopa (shaba) la kupashia maji, lisikilize likiwa linawaka. Likinguruma, maji yanachelewa kupata moto na yuniti za LUKU zinayeyuka, basi ndani kuna ukoko. Maji yenye kalsiamu yakipashwa, hasa yakivuka nyuzi 60, chokaa inajitenga na kugandia elementi (kile chuma cha umeme kinachopasha maji), sasa inapasha jiwe badala ya maji mpaka inaungua.

Zima breka, hakikisha kwa testa, chomoa nyaya, acha maji yapoe. Elementi ilegeze kidogo tangi likiwa bado limejaa, maana likiwa tupu ni jepesi na ukikaza spana linajipinda. Halafu funga maji yanayoingia, fungua bomba la moto bafuni, ndo umwage kwa mpira kwenye koki ya chini. Hilo bomba la bafuni naomba sana usilisahau, kopa ni nyembamba, maji yakitoka bila hewa kuingia tangi linabonyea lote na hapo hakuna fundi wa kulinyoosha.

Toa elementi, chukua kipande cha ukoko kidondoshee siki. Kikitoa povu ni chokaa, endelea. Kisipotoa, asidi haitakusaidia, zoa tu kwa mkono na usuuze (na floraidi ya maji ya Arusha ni habari nyingine kabisa, hii njia haiigusi).

Zoa mabonge kwanza. Kisha sitriki asidi, gramu 50 kwa kila lita ya maji vuguvugu, mimina ifunike ukoko wa chini, acha kama saa moja, mwaga, suuza, ukibaki rudia. Maji yakianza kutoka ya kibluu ujue imeshaanza kula kopa, acha hapo hapo. Patasi hapana, asidi ya betri hapana, na usichanganye na jiki kabisa, inatoa gesi ya klorini na juu ya dari hakuna hewa.

Weka washa mpya (ile ringi ya kuzuia maji yasivuje), rudisha elementi, jaza mpaka bafuni maji yatoke bila kukohoa hewa, rudisha nyaya, ndo uwashe, elementi ikiwaka kavu inakufa saa hiyo hiyo. Themostati (kidhibiti joto) iweke nyuzi 60, ukizidisha ukoko unarudi haraka, ukishusha sana bakteria wa lejionela (wanaoleta nimonia) wanazaliana.