Ripoti ya IRS kwa gari la umeme lililolipiwa arbuni kabla ya nafuu kufutwa

Nashughulikia makaratasi kwenye duka la magari hapa Marekani. Tangu nafuu ya kodi ya magari safi, yaani ya umeme, ifutwe, wenzangu wengi wameyasukumia mafaili yake nyuma ya kabati. Tusiharakishe. Kuna wateja walioagiza mapema wakapokea gari baadaye, na wengine ndio kwanza wanajaza kodi. Ripoti ya mauzo inayotumwa na duka ikikosekana IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mteja hapati hata senti, gari liwe zuri namna gani.

Hatua ya 1: Anza na tarehe

Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 iliondoa nafuu kwa magari yaliyopatikana baada ya Septemba 30, 2025. Lakini kwa IRS, "kupatikana" si kukabidhiwa ufunguo. Ni kuwepo mkataba wa maandishi unaowafunga wote wawili, pamoja na malipo, hata arbuni ndogo au gari kuukuu alilotoa mteja. Aliyesaini na kulipa Septemba 29, akachukua gari Oktoba 20, yumo. Bana mkataba na risiti pamoja. Kimoja kikikosekana, usiendelee.

Hatua ya 2: Pima bei

Gari jipya: bei elekezi ya kiwanda isizidi dola 80,000 kwa vani, SUV na pikapu, au 55,000 kwa mengine. Nafuu yake ni 7,500 au 3,750, kutegemea asili ya madini na vipuri vya betri.

Lililotumika ndilo linalotega watu. Bei isizidi dola 25,000, na nafuu ni asilimia 30 ya bei, mwisho 4,000. Tuseme gari ni 25,800 na mteja analeta la zamani lenye thamani ya 3,000. Muuzaji anaandika 22,800, anafurahi. Kakosea: gari la kubadilishana halishushi bei ya mauzo, kwa hiyo bado ni 25,800 na halistahili. Punguzo la kweli la bei linahesabiwa. Gharama ya kulifikisha gari nayo imo ndani ya bei, ila kodi na ada za serikali zilizoandikwa kando hazimo.

Hatua ya 3: Soma namba ya chesisi kwenye gari lenyewe

Ina tarakimu na herufi 17, na haitumii kamwe I, O wala Q. Mimi niliwahi kunakili kutoka karatasi ya mnada iliyofifia, nikaandika O badala ya sifuri. Mfumo ukaikataa, mteja amekaa mbele yangu na mtoto analia. Siku hizi natoka na simu, napiga picha pale chini ya kioo cha mbele, upande wa dereva.

Hatua ya 4: Tuma ripoti

Hutumwa kwenye tovuti ya IRS iitwayo Energy Credits Online, ndani ya siku 3 tangu mteja achukue gari. Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Usajili wa wauzaji wapya ulifungwa Septemba 30, 2025, kwa hiyo ambaye hakujisajili hana mlango.

Jina la mteja liandike kama lilivyo kwenye kadi yake ya Social Security (hifadhi ya jamii). Sisi wenye majina matatu hapo ndipo tunapoponzwa: leseni inasema hivi, kadi vile.

Kama mteja anakukabidhi haki ya nafuu ili bei ipunguzwe palepale dukani, anaapa mwenyewe kwamba kipato chake hakivuki kikomo. Kwa gari jipya ni dola 150,000 kwa asiye na ndoa, 300,000 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Kwa lililotumika ni nusu ya hizo. Kipato kikizidi, anayeirudishia IRS pesa hizo ni yeye, si wewe. Usimdai hati ya mshahara.

Hatua ya 5: Nakala

Ripoti ikikubaliwa, mpe mteja nakala ndani ya siku 3. Ukigundua kosa, una saa 48 za kurekebisha au kufuta. Yako itunze miaka 3.

Mwambie pia, anapojaza kodi, ajaze Fomu 8936 ya nafuu hii pamoja na Jedwali A, hata kama pesa alishapunguziwa dukani. Wengi hudhani wamemaliza siku ile waliyoondoka na gari. Mimi huandika "8936" kwa kalamu nyekundu juu ya bahasha yake kabla sijamkabidhi.