SOMO: Waranti ya gari lililotumika na ule ubovu mdogo mdogo (kioo, sentro loki yaani kufuli za umeme za milango, taa ya injini)

Wakuu, salamu kutoka Mbeya, baridi lipo. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Kioo cha mlango hakishuki, yadi wananizungusha, nifanyeje?" Nimechoka kuandika jibu lilelile. Atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Ninaongelea gari ulilonunua yadi ukapewa karatasi ya waranti. Kama mliuziana na jirani pale Soweto ya hapa Mbeya mkapeana mikono yakaisha, pita tu, hapa hakuna chako.

Hatua ya 1. Soma karatasi yote, mpaka maandishi ya chini. Tafuta muda, kilomita na orodha ya visivyohusika. Vitu vya kuchakaa kwa kawaida huwa nje: tairi, brekpedi, waipa, balbu, mara nyingi na betri. Kama imeandikwa "injini na gia boksi" tu, basi ni hivyo tu, usigombane na mtu. Ila ikiwa imeandikwa "mfumo wa umeme" na haikutaja vioo kwenye vilivyoondolewa, kioo cha umeme kimo. Angalia sana kilomita. Yangu ilisema miezi 3 au kilomita 5,000, chochote kitakachotangulia. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Safari tatu za kwenda na kurudi, ukijumlisha na mizunguko ya mjini, waranti imeishia barabarani.

Hatua ya 2. Wiki ya kwanza bonyeza kila swichi, fungua kila mlango, washa kila taa.

Hatua ya 3. Rekodi video ya ubovu, ianze na dashibodi kilomita zionekane.

Hatua ya 4. Toa taarifa kwa maandishi KABLA fundi wako hajagusa kitu. Hapa ndipo nilipoharibu. Kioo changu cha mbele kushoto kilikuwa kinashuka nusu kinagoma. Nina fundi wangu Mwanjelwa, tumetoka mbali, nikamwambia achungulie tu. Fundi hachungulii, fundi anafungua. Akang'oa kava la mlango, klipu mbili zikakatika, akakuta waya anaoushuku, akaukata, akauunga upya na kuuzungushia tepe nyeusi. Kisha akasema, "Mota imekufa, hii wapelekee yadi." Nikaenda kifua mbele. Fundi wao akafungua mlango, akanyamaza, akauvuta ule waya kwa vidole viwili na kunionyesha tepe. "Hii ya nani?" Mazungumzo yakaishia hapo, maana karatasi ilisema wazi kwamba gari likifunguliwa na mtu mwingine bila ruhusa yao, sehemu hiyo haihusiki tena. Mota nilinunua mwenyewe, ya mtumba, na kabla haijapatikana nilienda Tukuyu na kurudi wiki mbili nzima na nailoni dirishani. Wanaoijua mvua ya Tukuyu wanaelewa.

Kwa hiyo:
- Usifungue, usiunge, usipige nyundo.
- Taa ya injini ikiwaka, usichomoe betri ili izime. Kwa magari mengi unafuta kodi (namba ya hitilafu) iliyohifadhiwa, ukifika yadi mashine ya kuisoma haioni kitu, unaonekana mzushi. Mwenye mashine mtaani akusomee tu, asifute.
- Usiishie kwenye simu. "Lete tu siku ukipata nafasi" ni maneno matamu, lakini muda ukiisha hakuna atakayeyakumbuka. Tuma ujumbe ulioandikwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa simu kutumika kama ushahidi.

Ujumbe wenyewe usiwe barua ya mapenzi. Mimi siku hizi naandika hivi: "Gari namba fulani, leo tarehe fulani, kilomita 41,260. Sentro loki ya mlango wa nyuma kulia haifungi. Video nimeambatanisha. Nililete lini?" Basi.

Hatua ya 5. Lipeleke likiwa kwenye hali inayoonyesha ubovu. Kama linasumbua asubuhi ya baridi, ukilifikisha saa sita mchana injini imeshapata moto, wataliwasha litaitika vizuri. Liache lilale kwao, waliwashe wenyewe alfajiri.

Hatua ya 6. Jaribu kila kitu kabla ya kusaini, na udai karatasi inayosema nini kimebadilishwa.

Hatua ya 7. Wakikataa, waandike wamekataa kwa sababu gani. Hapo wengi hulegea. Wakishupaa, Tume ya Ushindani (FCC) inapokea malalamiko ya walaji. Lakini usiende na mkwaruzo uliouona siku ya kununua: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, kwa mnunuzi aliyekagua mali, haimbani muuzaji kwa kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha.

MASWALI

Mchele wa Kyela: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Tairi zimo?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Dada wa Mafinga: Kaka asante. Langu linagonga chini upande wa abiria, ila kwenye rafu (barabara mbovu) tu. Yadi wamelizungusha kwenye lami wakasema hawasikii kitu. Wananidanganya?

Mwandishi: Dada, huenda kweli hawakusikia. Mlio huo mara nyingi ni stabilaiza linki au bushi, vipande vya kule chini kwenye magurudumu, na kwenye lami hunyamaza. Usiwaachie wachague njia. Mwambie fundi wao apande, wewe uendeshe, mwende kwenye barabara ya vumbi yenye mawe, mwendo mdogo, vioo vimeshushwa, redio imezimwa. Kabla ya hapo mwachie mtu mwingine usukani, ukae nyuma usikilize kama ni mbele au nyuma, na kama linagonga ukipanda tuta au ukishuka. Andika majibu yako kwenye ujumbe. Ila chungulia kwanza karatasi, wengine bushi wanaziweka kundi moja na brekpedi.

Bosi Ilomba: Naona unawatetea yadi. Hao ni wezi tu.

Mwandishi: Aliyezunguka na nailoni dirishani ni mimi, si wewe. Nimesema walichoandika na nilichokosea. Kama wewe uliwashinda bila karatasi, weka hapa tujifunze.

Mwana Njombe: Gari limekaguliwa na TBS (Shirika la Viwango) likapita. Si hiyo ni dhamana tosha?

Mwandishi: Hapana mkuu. Ukaguzi ule unaangalia kama gari linafaa kuingia barabarani. Hakuna anayekuahidi kutengeneza kioo.

Mwana Njombe: Sawa. Na yadi ikiwa Dar, mimi niko Njombe, niendeshe kote huko kwa ajili ya swichi?

Mwandishi: Swali zuri, nililisahau. Omba ruhusa ya maandishi utengeneze huko huko. Chukua profoma (karatasi ya makadirio ya bei) gereji, bei ya spea na ya ufundi zitengwe, watumie, subiri wajibu "ndiyo" ndipo mtu ashike bisibisi. Dai risiti ya EFD (ya mashine ya TRA), na spea ya zamani usiitupe, wanaweza kuidai.

Mchele wa Kyela: Na betri je?

Mwandishi: Hatua ya 1, ndugu yangu. Ileile.

Fundi Uyole: Niongezee kidogo. Kioo kikiwa kizito asubuhi, ila mchana kinapona, kabla ya kuilaumu mota angalia mpira wa pembeni kinamopita kioo. Ukikauka na kujaa vumbi unakibana. Safisha kwa kitambaa chenye maji, uache ukauke, pulizia silikoni. Hakuna kinachofunguliwa, waranti yako inabaki salama.

Mwandishi: Ndaga fijo (asante sana), fundi. Ulikuwa wapi mwaka jana?

Dada wa Mafinga: Grisi haifai? Ninayo ndani.

Fundi Uyole: Grisi hapana dada. Inashika vumbi, halafu inaulainisha mpira mpaka unavimba. Silikoni tu.