Mafuta ya transi katika jiko la Mtanga aliye ughaibuni

Mtu wa Tanga anayeishi ughaibuni akitamani mahamri au sambusa, mara nyingi huanzia katika duka la Kiasia, ambako hununua kopo la mafuta ya mgando yanayofanana na yale yaliyotumika kwao Ngamiani. Kopo hilo ndilo la kuchunguza kabla ya kulilipia.

Mafuta ya mimea yakitiwa haidrojeni nusunusu ili yagande na yasichache upesi, huzalisha mafuta ya transi, ambayo hupandisha lehemu (kolesteroli) mbaya na papo hapo kushusha ile nzuri, na hivyo kuhatarisha moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi asilimia 1 ya nishati ya siku, yaani takriban gramu 2.2 kwa anayekula kilokalori 2,000.

Sheria hutofautiana. Denmark ilitangulia kuyawekea kikomo mwaka 2003, na tangu Aprili 2021 Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya gramu 2 katika kila gramu 100 za mafuta, yasipohesabiwa yale ya asili ya wanyama. Nchini Marekani, chakula chenye chini ya nusu gramu ya mafuta ya transi kwa kipimo kimoja cha mlaji huruhusiwa kuandikwa sifuri, ilhali nchini Uingereza jedwali la virutubishi halionyeshi kiasi cha mafuta hayo kabisa. Kwa hiyo soma orodha ya viambato, na ukikuta maneno "partially hydrogenated", yaani yaliyotiwa haidrojeni nusunusu, rudisha kopo rafuni.

Huniuma kuona watu wakiacha wali wa nazi kwa hofu ya moyo huku wakiendelea na biskuti na keki za dukani bila kuzisoma lebo. Tui la nazi lina mafuta mengi yaliyoshiba ("saturated"), na kwa sababu hiyo lastahili kiasi, lakini halina mafuta ya transi ya kiwandani.

Mahamri yaliyokandwa kwa tui huumuka vizuri yakikaangwa kwa mafuta ya alizeti au ya kanola, mradi mafuta hayo yasirudiwe mara nyingi hadi yakawa meusi. Sambusa zikipakwa mafuta kidogo huiva hata kwenye oveni. Vitumbua navyo huhitaji matone machache tu katika kila shimo la chuma. Na ukiagiza vitafunio vya maulidi au harusi, mwulize mpishi anakaangia mafuta gani, kisha umwombe akuonyeshe kopo lenyewe.