Jinsi ya kuchagua kalipa na diski kubwa za breki kwa gari la kila siku

Kabla ya kununua kalipa (kifaa chenye pistoni zinazobana pedi za breki kwenye diski) na diski kubwa, mwenye gari ajue kwanza breki alizonazo zinashindwa wapi. Kinacholishika gari barabarani ni tairi. Kwa hiyo, ikiwa breki za kiwandani zinaweza kubana magurudumu hadi ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) ianze kufanya kazi, diski kubwa haitafupisha umbali wa kusimama ghafla mara moja, na fedha hizo zingefaa zaidi kununulia tairi nzuri. Faida ya diski kubwa ni kubeba joto jingi zaidi na kulitoa haraka, jambo ambalo huonekana pale breki zinapotumika mfululizo.

Joto lenyewe si dogo. Gari la kilo 1,400 linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina nishati ya takriban kilojuli 540, na likifika kilomita 120 nishati hiyo hupanda hadi karibu kilojuli 780, ambazo sehemu yake kubwa huishia kwenye diski kila dereva anaposimama kwa nguvu. Mteremko ni mkali zaidi. Kutoka Lushoto hadi Mombo, mkoani Tanga, barabara hushuka takriban mita 900, na nishati ya mteremko huo ni sawa na kulisimamisha gari hilo mara 23 kutoka kilomita 100 kwa saa, ijapokuwa injini hubeba sehemu yake iwapo dereva ameweka gia ya chini.

Katika mteremko huo huo, nikiwa na Subaru Forester iliyojaa abiria, pedali ilianza kuwa laini kwenye kona za katikati, kisha ikazama karibu na sakafu, huku harufu kama ya kitambaa kinachoungua ikiingia dirishani. Niliegesha, nikangoja zaidi ya nusu saa, na nikafika Mombo nikiwa nimeshaamua kununua kalipa za pistoni nne. Fundi alipofungua nipeli (skrubu ndogo ya kutolea hewa kwenye kalipa), mafuta ya breki yalitoka yakiwa meusi kama chai ya rangi iliyokolea. Hayakuwa yamebadilishwa kwa miaka, yalikuwa yamenyonya maji kutoka hewani, na maji hayo yalikuwa yamegeuka mvuke ndani ya kalipa. Diski hazikuwa na kosa lolote.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba hatua ya kwanza ni mafuta mapya. DOT ni daraja la mafuta ya breki: kiwango cha chini cha kuchemka kwa DOT 4 ni nyuzi 230 za Selsiasi yakiwa mapya na 155 yakishanyonya maji, ilhali kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hayo mengine. Hatua ya pili ni pedi bora, na ya tatu ni diski mpya za kipimo cha kiwandani ikiwa zilizopo zimechongwa mara nyingi, kwa sababu diski nyembamba hupata moto upesi. Unene wa mwisho unaoruhusiwa huandikwa kwenye diski yenyewe. Diski nyingi za Subaru zenye unene wa milimita 24 zikiwa mpya hazitakiwi kushuka chini ya 22. Magari mengi huishia hapa yakiwa yamepona.

Ikiwa baada ya hayo breki bado zinachoka, kwa mfano kwa gari linalobeba mizigo milimani au lililoongezewa nguvu ya injini, basi tafuta kalipa kutoka kwa gari kubwa zaidi la ukoo huo huo. Kwa wenye Impreza na Forester, kalipa za mbele za pistoni nne zilizotoka kwenye WRX (Impreza yenye injini ya nguvu zaidi) hutumia diski ya milimita 294, na kwa kawaida huingia ndani ya rimu ya inchi 16. Zile za Brembo zilizotoka kwenye STI (toleo kali zaidi ya WRX) hutumia diski ya milimita 326 na huhitaji rimu ya inchi 17 au zaidi, tena yenye mikono isiyogusa kalipa. Kuanzia modeli ya 2005, Impreza STI ilihama kutoka nafasi ya bolti ya 5x100 (bolti tano kwenye duara la milimita 100) kwenda 5x114.3, kwa hiyo diski ya mwaka mmoja inaweza kukataa habu (kitovu kinachofungwa gurudumu) ya mwaka mwingine. Nyuma kuna mtego mwingine: drami ndogo ya handibreki iliyo ndani ya diski iko ya milimita 170 na ya 190, na zikichanganywa handibreki haishiki.

Wingi wa pistoni usikupotoshe. Kalipa inayoteleza yenye pistoni moja ya milimita 57 ina eneo la takriban sentimita za mraba 25.5. Kalipa isiyoteleza yenye pistoni nne za milimita 40 huhesabiwa kwa pistoni za upande mmoja tu, nazo zina takriban 25.1, kwa hiyo nguvu ya kubana ni karibu ile ile. Eneo likizidi sana, masta silinda ya zamani (inayosukuma mafuta pedali ikikanyagwa) italazimika kusukuma mafuta mengi zaidi na pedali itashuka mbali. Vilevile breki za mbele zitapokea kazi kupita kiasi, za nyuma zibaki zikifanya kidogo, na umbali wa kusimama uongezeke badala ya kupungua.

Kuhusu diski, kwa gari la barabarani mimi huchagua zenye uso mtupu na njia za hewa katikati. Zenye mifereji husafisha vumbi la pedi lakini huila pedi haraka, na zenye matundu huanza kupasuka kwenye matundu hayo zikipata joto kali. Makava mekundu yanayobandikwa juu ya kalipa hayaongezi chochote, na huzuia hewa.

Ukinunua kalipa za mtumba, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam, vuta mpira wa vumbi na uangalie pistoni: kutu ikishaingia kwenye uso unaopita kwenye sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje), iache. Weka bajeti ya sili mpya hata kama muuzaji anaapa kwamba ni nzima. Ukiwa unafunga, nipeli ya kutolea hewa iwe juu. Ikiwa chini, kalipa za kushoto na kulia zimebadilishana na hewa haitatoka. Safisha kutu yote kwenye habu kabla ya kuweka diski, kwani hata tabaka jembamba huifanya icheze na usukani utetemeke.

Mwisho zoeza pedi kwenye barabara tupu: punguza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole hadi zipoe, na usiache mguu kwenye pedali gari likiwa limesimama na diski zikiwa za moto. Baada ya kilomita 100 vua magurudumu, ukague bolti za kalipa, viungio vya mipira ya breki na kiwango cha mafuta.