Jabal Shams kwa siku moja: kufika kilele cha kusini na kurudi mzima

Jabal Shams, mlima mrefu kuliko yote Oman, una takriban mita 3,009. Ni kama nusu ya Kilimanjaro, na hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kilimanjaro kuna wapagazi, mpishi na siku tano au zaidi za kupanda. Huku mzigo ni wako, njiani hakuna maji, na kazi yote ni ya siku moja. Tena kilele chenyewe, cha kaskazini, kina rada za jeshi na raia haruhusiwi kufika. Tunaishia kilele cha kusini, mita 2,997, kwa njia inayoitwa W4. Ukifika juu utaiona ile rada ng'ambo. Usiielekezee kamera wala usiufuate uzio.

Njia huanzia uwandani, kwenye mita 1,950 hivi, na ina kilomita 9 mpaka 10 kwenda tu. Ukitoa urefu mmoja kwenye mwingine unapata zaidi ya mita 1,000 za kupanda, lakini miguu itahesabu zaidi, maana njia hushuka na kupanda tena mara kadhaa. Tenga saa tano hadi sita za kwenda na nne hadi tano za kurudi.

Nenda kati ya mwisho wa Oktoba na Machi. Wakati wa joto jua hupiga mwamba wa chokaa, mwamba nao hukurudishia joto usoni, na kivuli ni cha mireteni michache tu. Desemba na Januari mambo hugeuka: usiku baridi yaweza kushuka chini ya sifuri. Beba jaketi la kuzuia upepo, glavu nyepesi na kofia ya sufu, hata kama Maskati umeondoka na fulana. Utabiri ukitaja mvua milimani, ahirisha. Barabara inapita Wadi Ghul, na wadi (bonde la mto mkavu) hufurika hata pale uliposimama pakiwa pakavu.

Mazoezi yaanze wiki nane kabla, siku tatu kwa wiki. Aliyeko Maskati ana njia ya C38, kutoka Riyam hadi Matrah: fupi, ya mawe, na inafundisha kifundo cha mguu kazi yake. Asiye na kilima apande ngazi za ghorofa. Anza na begi la kilo 4, ongeza taratibu hadi kilo 9. Uzito huo uwe wa chupa za maji: ukifika juu yamwage (au umwagilie maua ya jirani), ushuke mwepesi, magoti yasichoke kabla ya siku yenyewe.

Viatu ndivyo huharibu safari nyingi. Mwamba wa huko ni mkali, hula soli laini kama msasa, kwa hiyo raba za kukimbilia hazifai. Viatu vya milimani vilivyokaa kabatini miaka kadhaa vina hatari nyingine: gundi na ile sponji ya soli hukauka na kuoza, soli ikabanduka katikati ya njia. Vivae wiki mbili kabla, uvikunje kwa mikono, uangalie nyufa. Hata hivyo beba mita 2 za utepe wa kitambaa wenye gundi, ule mpana wa mafundi, ukiuzungushia kwenye chupa. Kucha za miguu zikate siku mbili kabla. Zikiwa ndefu, kushuka kutazifanya nyeusi.

Maji: lita 5 kwa mtu. Kunywa kama nusu lita kwa saa, kidogo kidogo, na lita 2 zisiguswe kabla ya kugeuka. Katika lita mbili changanya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), pakiti moja kwa kila lita au kama pakiti inavyoelekeza. Anayekunywa maji matupu kutwa huku akitoka jasho hupungukiwa chumvi. Kichwa humuuma, tumbo humchafuka, naye hudhani ni kiu, anaongeza maji. Chakula kiwe tende, karanga, chapati na mayai ya kuchemsha. Halua iache garini, vidole vitanata siku nzima. Wala usifiche akiba kando ya njia: mbuzi wa huko hawana haya.

Lala uwandani usiku wa kuamkia safari, hasa ukitoka pwani, ili mwili uzoee hewa. Kutoka Maskati ni kama kilomita 240 kupitia Nizwa na Al Hamra, na huko juu gari la fowili (4x4) ndilo la kutegemea. Jaza mafuta Al Hamra. Mwambie mtu unapanda njia gani na utarudi saa ngapi. Namba ya dharura ni 9999.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Ondoka saa 11 alfajiri na taa ya kichwani. Alama ni michirizi ya njano, nyeupe na nyekundu iliyopakwa kwenye mawe. Ikipita dakika tano hujaona alama, simama, rudi mpaka ile ya mwisho. Makosa mengi huanzia hapo: njia za mbuzi zinafanana sana na njia ya watu, na baadhi huishia ukingoni mwa genge la mwamba. Ramani ipakue mapema, simu ikae mfuko wa ndani, maana baridi hula betri.

Karibu na juu utaona vilele viwili vitatu vya uongo. Usiongeze mwendo kwa kuviona. Saa 6 mchana ikikukuta popote, geuka, hata kama kilele unakiona. Desemba jua huzama karibu saa 11 na nusu jioni, na kwenye mawe haya mtu aliyechoka huteguka gizani.

Kabla ya kushuka kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, na kama una fimbo ya kupandia, irefushe kidogo. Ukihisi sehemu ya mguu inawaka, bandika plasta papo hapo, kabla lengelenge halijajaa. Ukifika chini usiendeshe hadi Maskati usiku huo. Mteremko wa barabara ile unataka gia ya chini na macho yasiyosinzia. Anayekanyaga breki njia nzima huzinusa zikiungua.